Saladi baridi ya pasta na kamba: mara tatu nimeiharibu, ya nne bakuli limelambwa

#1 Kijiko Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna uzi mmoja humu niliwahi kusema saladi baridi ya pasta imenishinda na nimewaachia wenye mikono yao. Naifuta kauli. Jana nimetengeneza bakuli kubwa la watu sita, limeisha. Hata kitinda mimba wangu, ambaye chakula chenye kitu cha kijani hukichambua kama anayetoa mawe kwenye mchele, amekula sahani mbili na kuuliza kama kesho ipo tena.

Kwanza niwape historia ya aibu mjue nimetoka mbali.

Mara ya kwanza niliipika pasta kama ninavyoipika ya kula moto, nikaitoa ikiwa bado ina ukinzani katikati kama paketi linavyoelekeza, nikaimwagia mayonesi ingali inafuka mvuke, usiku kucha ikalala kwenye friji. Asubuhi nikakuta tofali. Mayonesi haijulikani imekwenda wapi, pasta imekakamaa, ukichoma uma linanyanyuka bonge zima. Mara ya pili nikasema dawa ni kuongeza mayonesi, ikawa uji wa mafuta. Mara ya tatu pasta ilikubali, ila kamba niliwachemsha dakika kumi "wasije wakatudhuru", wakawa raba za penseli. Baba watoto alitafuna mmoja tangu taarifa ya habari inaanza mpaka michezo.

Nilichokuja kugundua ni kwamba makosa yote matatu yana mzizi mmoja. Nilikuwa naonja chakula kikiwa cha moto, halafu nakila kikiwa cha baridi. Ubaridi unakigeuza. Pasta inakaza, chumvi na limau vinafifia mdomoni, na sosi inaendelea kunywewa wakati wewe umelala. Kwa hiyo siku hizi kila hatua naifanya kwa ajili ya bakuli litakalotoka kwenye friji baada ya saa tatu nne. Sufuria iliyo mbele yangu siisikilizi tena.

Mahitaji ya watu sita:

Pasta fupi kavu gramu 400. Ile ya kujipinda kama skrubu au yenye umbo la kombe ndiyo nzuri, sosi inajificha kwenye mikunjo. Spageti hapana, ikipoa inakuwa wigi.
Kamba waliokwisha menywa gramu 400 na ngisi gramu 200. Ngisi hakuna? Weka kamba gramu 600, hakuna ugomvi.
Mayonesi nusu kikombe, mtindi mzito nusu kikombe.
Limau kubwa moja, maji yake pamoja na ganda la juu lililoparuzwa (ile sehemu ya njano tu, nyeupe ni chungu).
Haradali kijiko kimoja cha chai.
Tango moja, hoho nyekundu moja, nusu ya kitunguu chekundu, njegere zilizochemshwa kikombe kimoja.
Kotmiri kiganja kimoja, pilipili manga, chumvi.

Pasta: maji lita 4, chumvi kama gramu 40, yaani vijiko viwili vya chakula. Msiogope, nyingi inaondoka na maji. Muda wa paketi ukiisha, ongeza dakika moja hadi mbili. Itakuwa laini kupita unavyoipenda ya moto, na ndivyo tunavyotaka. Chuja, suuza kwa maji baridi mpaka ukiishika haina joto, kisha iache kwenye chujio itiririke. Tikisa chujio. Nenda kafanye jambo jingine, rudi, tikisa tena. Mikunjo ile inaficha maji kuliko unavyodhani.

Kamba: chemsha maji yenye chumvi na kipande cha limau, tia kamba, punguza moto. Dakika mbili hadi tatu zinatosha. Mtazame mgongoni pale kwenye unene: nyama ikiacha kuonekana kama kioo kichafu ikawa nyeupe yenye waridi, na mwenyewe akajikunja kama herufi C, mtoe. Akijifunga mpaka kichwa kinagusa mkia kama O, huyo umeshamkosa. Wapeleke moja kwa moja kwenye maji ya barafu, dakika moja mbili, toa, wakaushe kwa kitambaa safi. Ngisi mkate pete nyembamba, sekunde 60 hadi 90 kwenye maji yale yale, naye barafuni.

Kitunguu kikate vipande vidogo, kiloweke maji baridi dakika 10 ukali upungue, kisha kikamue. Tango litoe mbegu kwa kijiko, likate, linyunyizie chumvi kidogo, liache robo saa, kamua. Mtashangaa maji yanayotoka.

Sosi: mayonesi, mtindi, limau, haradali, pilipili manga. Koroga, halafu igawe mara mbili. Nusu changanya na pasta peke yake, funika, friji saa mbili. Nusu nyingine iweke pembeni, na kamba na ngisi kwenye chombo chao, vyote friji. Dakika kumi kabla ya kula ndipo unakutanisha kila kitu. Onja hapo hapo ikiwa baridi. Mara nyingi utaona inataka chumvi kidogo na limau zaidi.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.

#2 Nusu Kikombe

Siti ya mbele kabisa, nimekuja na daftari.

Dada, hapo pa kugawa sosi mara mbili umeniokoa. Mimi yangu huwa inapendeza jioni, kesho yake imekauka kama imepigwa na upepo, nikadhani mayonesi ndiyo mbovu. Swali: kamba wangu wako friza, wamegandana bonge moja. Niwatumbukize hivyo hivyo kwenye maji ya moto?

#3 Mchuzi Mzito

Uzi mzuri, lakini hapo pa KUSUUZA PASTA mimi nakataa. Pasta haisuuzwi. Ule utelezi wake ndio unaoshika sosi, ukiuosha umeosha utamu. Nimepika pasta miaka kumi na mbili, sijawahi kuipitisha kwenye bomba. Na mnasahau kutia mafuta kwenye maji ya kuchemshia ili isishikane.

#4 Mpishi Mstaafu

Nimesoma nikatabasamu. Wanangu, msigombane, mnazungumzia sahani mbili tofauti.

Mchuzi Mzito yuko sahihi kwa pasta ya moto. Utelezi ule ni wanga uliotoka kwenye pasta. Ukiutia kwenye sufuria yenye mchuzi wa moto unaufanya uwe mzito na unate vizuri. Lakini wanga huo huo ukipoa unaganda, unakuwa gundi, na ndiyo hilo tofali la mleta uzi. Nilikaa upande wa vyakula baridi jikoni miaka mingi, na hatukuwahi kupeleka saladi ya pasta mezani bila kuisuuza. Tena maji baridi yanasimamisha uivaji papo hapo, la sivyo joto lililobaki ndani linaendelea kuipika kwenye chujio.

Hili la kukaza pia si uchawi. Wanga ulioiva ukikaa kwenye ubaridi hujipanga upya na kuwa mgumu. Ndiyo sababu mkate wa jana unakuwa mkavu mdomoni hata kama umeufunga vizuri. Kwa hiyo zile dakika moja mbili za ziada alizosema ni za lazima. Msizidishe, lakini. Ikianza kupasuka pembeni umepita.

Mafuta kwenye maji ya kuchemshia ni kupoteza mafuta. Yanaelea juu, pasta iko chini, hawaonani mpaka unapochuja. Na hapo yakiipaka, sosi inateleza. Dawa ya kushikana ni maji mengi na mwiko dakika mbili za mwanzo.

Nusu Kikombe: usiwatumbukize wakiwa barafu. Maji yatapoa, wa nje watapitiliza wakati wa katikati hawajaanza. Walaze kwenye friji usiku mmoja ndani ya chombo, kwa sababu watatoa maji. Una haraka? Watie kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uzamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa. Bonge la nusu kilo linaachia ndani ya saa moja hivi. Kuwaacha mezani wayeyuke wenyewe hapana, na maji ya moto hapana.

Jambo moja ambalo mleta uzi hakuligusa. Kile kiuzi cheusi cha mgongoni si mshipa, ni utumbo. Kwa kamba wadogo haudhuru kitu, ukiwa umewaivisha. Kwa wakubwa utoe, huwa na mchanga, na mchanga kwenye saladi baridi unasikika mpaka meza ya jirani. Kata mgongo kwa ncha ya kisu, kina kidogo tu, uvute.

#5 Mchuzi Mzito

Mzee heshima yako. Kwenye mafuta nimekubali. Kwenye kusuuza nitajaribu kwanza, sikubali kwa maneno.

#6 Kijiko Kirefu

Mzee shikamoo, na asante. Utumbo nilisahau kuandika. Huwa nautoa kwa kijiti cha kuchokolea meno, nakipenyeza chini ya uzi pale pingili ya pili na kuuinua polepole, unatoka mzima bila kumkata kamba.

#7 Shemeji wa Friji

Sisi wengine tuna makaroni nusu paketi na kopo mbili za jodari. Tuhame uzi?

#8 Kijiko Kirefu

Shemeji kaa hapo hapo. Jodari wa kopo ndiyo njia nyepesi kuliko zote, hakuna cha kuchemsha wala kupitiliza. Akiwa wa kwenye maji, mkamue sana, mkandamize na kifuniko cha kopo lenyewe. Akiwa wa kwenye mafuta, onja mafuta yake. Yakiwa mazuri, tumia vijiko viwili badala ya sehemu ya mayonesi, yamebeba ladha ya samaki. Msivuruge. Mwachanishe kwa uma vipande vikubwa, mtie mwisho, ukoroge mara tatu nne tu kutokea chini. Ukimkoroga sana anapotea, inabaki pasta ya kijivu.

Yeye chumvi anayo tayari, kwa hiyo onja kwanza.

#9 Bi Chujio

Naomba kuuliza kuhusu vile vijiti vyeupe vyenye mgongo mwekundu vinavyoitwa vya kaa. Ni kaa kweli? Mwanangu anavipenda, mimi navitilia shaka.

#10 Mpishi Mstaafu

Mara nyingi si kaa, mama. Ni nyama ya samaki mweupe iliyosagwa, ikaoshwa mara kadhaa mpaka ikabaki haina harufu wala ladha kubwa, ikachanganywa na wanga, ute wa yai, sukari kidogo na ladha ya kaa, halafu ikapakwa rangi upande mmoja. Wajapani ndio wenye ufundi huu tangu zamani, wanaiita surimi. Si chakula kibaya. Imeshaiva kiwandani, unakata na kutia. Tatizo ni mbili tu. Ina utamu wake, kwa hiyo ongeza limau. Na ikikaa kwenye sosi usiku mzima inalainika na kuachana nyuzi nyuzi, kwa hiyo itie siku ya kula.

Soma paketi kama kuna mtu nyumbani ana mzio. Ndani mnaweza kuwa na ngano, yai, samaki, na wakati mwingine kaa wa kweli kidogo kwa ajili ya ladha.

#11 Mama Pacha

Hapo kwenye mzio ndipo nilipokuwa napasubiri. Pacha wangu mmoja kamba hawezi kabisa, midomo inavimba. Mwenzake anawapenda kufa. Nimekuwa nikipika pamoja halafu namchagulia wa kwake pasta isiyo na kamba, nikidhani wakishaiva sana ule mzio unapungua. Niko sawa?

#12 Kijiko Kirefu

Mama Pacha, acha leo leo. Kumchagulia hakutoshi, na kuivisha hakusaidii. Kinachowasumbua wengi wenye mzio wa kamba na kaa ni protini moja kwenye misuli yao, na moto wa jikoni hauivunji. Inatoka kwenye maji ya kuchemshia, inashika sosi, inashika mwiko. Pasta uliyoichota pembeni ya bakuli lenye kamba nayo imeshapata.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: pasta yote na sosi yote bila kamba, ndiyo saladi ya nyumba. Mtoto unampakulia wa kwanza, kwa kijiko kisichogusa kitu kingine. Kamba wanakaa bakuli lao mezani, anayetaka anajitilia. Na pasta usiichemshe kwenye maji waliyotokea kamba hata kama yananukia vizuri. Kuhusu ngisi, kome na wengine wa aina hiyo, kuna watu hawawezi kamba na wanawaweza hao, na kuna ambao hawawezi vyote. Hilo ni la daktari wake, usimjaribishe mezani.

#13 Mama Pacha

Nimesoma mara mbili. Mbona sikuwahi kuambiwa kuhusu mwiko. Asante dada yangu.

#14 Shemeji wa Friji

Mleta uzi umetaja maji ya kuchemshia kamba yanayonukia. Kwa sisi tusio na mzio, ina maana pasta inaweza kuchemshwa humo?

#15 Mpishi Mstaafu

Inaweza, na ni vizuri zaidi ukitumia maganda. Ukinunua kamba wenye maganda, usitupe maganda wala vichwa. Yakaange kidogo kwenye sufuria kavu mpaka yawe mekundu na jikoni kunukie, mimina maji, chemsha dakika ishirini, chuja. Pasta iliyochemkia humo inakuwa na ladha ya bahari hata kabla ya kukutana na kamba. Chumvi onja kwanza, maganda yana yake.

Mnajua kwa nini wanageuka wekundu? Ile rangi nyekundu imo ndani siku zote, imefungwa na protini inayoifanya ionekane ya buluu au kijivu. Moto ukiifungua protini, wekundu unatoka. Kwa hiyo wekundu pekee usiutegemee kukwambia ameiva. Ganda linaweza kuwa jekundu na nyama ya katikati bado ni kioo. Mtazame pale mleta uzi alipowaonyesha, kwenye unene wa mgongo.

#16 Nusu Kikombe

Na pweza je? Kuna mtu ameniletea mmoja, naogopa hata kumfungua mfuko.

#17 Mpishi Mstaafu

Pweza na ngisi ni ndugu wenye tabia moja: ama umguse moto kidogo sana, ama umkalishe muda mrefu. Katikati ya hapo ni kandambili. Ngisi mwembamba tunampa dakika moja na nusu. Pweza mnene hawezi hiyo, yeye ni moto mdogo, maji yakitokota taratibu, dakika 45 hadi saa nzima na zaidi kutegemea ukubwa. Choma kisu pale mkono unapoungana na kichwa. Kikiingia bila ubishi, zima, mwache apoe ndani ya maji yake. Akiwa amelala friza siku moja mbili kabla ya kupikwa analainika haraka zaidi, barafu inavunja nyuzi zake. Kwa hiyo mfuko wako wala usikutishe, friza imeshakufanyia nusu ya kazi.

#18 Bwana Sahani

Wakuu, nawaharibia sherehe kidogo. Saladi za mayonesi mimi nimeziogopa tangu sherehe moja ya familia. Bakuli la pasta na kamba lilitoka saa tano asubuhi, likakaa juani juani pale mezani, watu wakaendelea kujipakulia mpaka saa kumi jioni. Usiku ule choo kilikuwa na foleni. Tangu hapo mayonesi na mimi basi.

#19 Kijiko Kirefu

Pole sana, lakini mayonesi inasingiziwa. Ile ya dukani ina siki au limau, na mayai yake yamepitishwa kwenye joto la kuua vijidudu. Uchachu wake unawazuia wadudu kuliko unavyowasaidia. Walioharibika pale ni kamba na pasta yenyewe, pamoja na mikono na vijiko vya watu kutwa nzima. Mayonesi ya kujitengenezea kwa mayai mabichi ndiyo nyingine, hiyo kwa watoto, wazee na wajawazito siitii.

Sheria yangu: nje ya friji isizidi saa mbili, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32, saa moja tu. Hesabu inaanza inapotoka, na kuirudisha friji dakika tano hakufuti muda uliokwishapita. Sherehe ikiwa ndefu nagawa kwenye mabakuli mawili, moja mezani, jingine friji linasubiri. La mezani nalikalisha ndani ya beseni lenye barafu. Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini yake. Ukiijaza mpaka mlango unasukumwa na goti, hewa baridi haizunguki.

#20 Mpishi Mstaafu

Watu wanaogopa samaki na wanaidharau pasta. Kuna kidudu kinachopenda wanga ulioiva ukaachwa nje, wali au pasta, na sumu yake ikishatoka haifi kwa kupasha moto. Brussels mwaka 2008 kijana wa miaka 20 alipasha na kula spageti iliyokaa jikoni siku tano nje ya friji, akafa usiku ule ule. Madaktari wakakiandika kisa hicho kwenye jarida lao mwaka 2011. Jambo la nadra sana, sikutishi. Lakini jikoni kwangu pasta iliyochujwa haikuwahi kulala juu ya meza.

Jodari naye ana lake. Akikaa kwenye joto kabla ya kupikwa anatengeneza kitu kinachowasha mdomo na kuwekundisha uso kama mzio, na hicho nacho moto haukiondoi. Jodari akikuwasha ulimi kama pilipili na hujatia pilipili, mteme.

#21 Bi Chujio

Inabaki friji siku ngapi? Na mjamzito?

#22 Kijiko Kirefu

Siku tatu, nne ni mwisho. Kwangu haijawahi kuiona ya pili. Friza usiipeleke, mayonesi inaachana mafuta huku maji kule, tango linakuwa sifongo.

Mjamzito ale aliyotengeneza nyumbani, kamba wameivishwa vizuri, imetoka friji muda huo. Saladi za samaki zilizokwisha tengenezwa zinazokaa kwenye vioo vya maduka aziepuke, kwa sababu kuna kidudu kinachoweza kukua hata ndani ya friji na mimba haikiwezi. Na msimdanganye kwamba limau "limepika" kamba mbichi. Limau linabadilisha rangi na kukaza nyama tu, vijidudu vinabaki.

#23 Nusu Kikombe

MREJESHO.

Nimefanya jana. Kamba walilala friji, asubuhi wakaachana wenyewe. Nimesimama juu ya sufuria na saa ya simu kama mwamuzi. Dakika mbili na sekunde arobaini, C tupu. Pasta nimesuuza. Watoto wamekula, mama mkwe amekula na kunyamaza, na kwake kunyamaza ni cheti.

Ila chini ya bakuli kulikuwa na maji ya waridi kama nusu kikombe (msicheke jina langu). Nimekosea wapi?

#24 Kijiko Kirefu

Hongera kwa mama mkwe. Rangi ya waridi hiyo ulitia nyanya?

#25 Nusu Kikombe

Mbili. Niliona inapendeza machoni.

#26 Kijiko Kirefu

Ndizo hizo. Chumvi inazivuta maji, na uteute wa katikati ndio unaokimbilia chini. Ukizitaka, tumia zile ndogo ndogo nzima, au toa mbegu na uteute ubaki na nyama ya nje tu, uzitie juu wakati wa kupakua. Bakuli la sasa usilitupe. Inamisha, mwaga maji, ongeza kijiko kimoja cha mayonesi na matone ya limau, koroga.

#27 Shemeji wa Friji

Ya jodari nami nimefanya. Picha sina, iliisha kabla sijapata simu.

#28 Mchuzi Mzito

Haya. Nimefanya majaribio kwa sababu sipendi kushindwa kwa maneno. Gramu 200 nimesuuza, gramu 200 sijasuuza, sosi moja, friji moja, saa tatu.

Ambayo sijasuuza nimeikata kwa kisu.

Mke wangu anauliza kama miaka kumi na mbili yote saladi yetu ilikuwa inakatwa kwa kisu kwa sababu hiyo. Mzee, nimjibu nini?

#29 Mpishi Mstaafu

Mwambie ulikuwa unampikia ya moto.